Mliniuliza kwa nini sikuja kumzika Bibi

Shangazi, maneno yako yalinifikia. Yalitoka Pangani, yakapita Ngamiani, yakavuka bahari, na yaliponifika yalikuwa bado ya moto: "Alikuwa hapo Bahrain, safari ya siku moja tu, na hakuja kumzika aliyemlea. Marekani wameshamnunua." Aliyenieleza ni mpwa wangu, na hakunieleza kwa fitina. Naye ana lake. Ameshinda bahati nasibu ya viza, yuko mbioni kwenda Marekani, na kijiweni wamemwambia njia fupi ya kupata uraia ni kuingia Jeshi la Wanamaji kama nilivyoingia mimi. Ananiuliza: "Mjomba, nijiunge?"

Nawajibu wote wawili pamoja, tena kwa maandishi, maana kwenye simu nikisikia tu sauti yako, Shangazi, nitashindwa kuendelea. Na wengine katika ukoo mnaosema nimekuwa mtu wa kiburi, sipokei simu, sirudishi salamu, someni nanyi.

Nilipelekwa Bahrain Septemba 2023, kwa mwaka mmoja, nikitokea Norfolk, Virginia, ambako ndiko nilikorudi na ndiko ninakoandikia. Msifikirie mahema jangwani. Kambi iko Juffair, ndani ya mji wa Manama, imezungukwa na nyumba za watu, mikahawa na hoteli, na humo ndimo yalimo makao makuu ya Kikosi cha Tano cha wanamaji wa Marekani. Kuna ukuta na geti. Ndani kuna mabweni, bwalo la chakula, maduka, posta, uwanja wa mazoezi. Jioni ukisimama kwenye ngazi za bweni letu unaisikia adhana ya Magharibi kutoka Msikiti Mkuu wa Al Fateh na mingine ya jirani, moja inaanza wakati nyingine imefika katikati, vilevile kama Ngamiani. Siku ya kwanza nilipoisikia niliacha begi chini nikasimama.

Kilichonisumbua mapema kuliko vyote ni saa. Nikiwa Norfolk, Tanga iko mbele yangu kwa saa saba au nane. Nilishazoea kwamba mkiamka mimi nalala, na mkila chakula cha mchana mimi ndiyo kwanza nafunga kamba za viatu. Umbali ule una adabu yake, unaujua kuwa ni umbali. Bahrain saa ya ukutani ni ileile ya Tanga, haipishani hata dakika. Jua lao linatangulia kidogo, wanaswali Adhuhuri mapema kuliko ninyi, lakini saa ni moja. Mama akisema "saa mbili hii, nakula wali na samaki," na mimi saa mbili ile nakula wali. Nikawa naishi siku yenu nzima bila kuwamo ndani yake. Kila saa najua mko wapi: saa hizi Mama anafungua genge, saa hizi Bibi ametoka barazani kwa sababu jua limemfikia miguuni, saa hizi kivuko cha kwenda Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto Pangani, kinafunga. Nilikuwa sijawahi kuwakumbuka kwa kiasi kile hata mwaka wa kwanza Marekani, nilipokuwa kuruta kambini Great Lakes, ufukweni mwa Ziwa Michigan, kwenye baridi inayopasua midomo.

Mwezi mmoja tu baada ya kufika, vita vya Gaza vikaanza. Tarehe 19 Oktoba manowari ya Marekani, Carney, ikadungua makombora na droni zilizorushwa kutoka Yemen kupitia Bahari ya Shamu na Wahouthi, waasi waliosema wanaiunga mkono Gaza. Tarehe 19 Novemba Wahouthi wakashuka kwa helikopta juu ya sitaha ya meli ya magari, Galaxy Leader, wakaiteka pamoja na mabaharia wake. Desemba Marekani ikatangaza operesheni ya kulinda meli zinazopita njia ile, na katika nchi za Kiarabu ni Bahrain peke yake iliyojitokeza hadharani kushiriki. Ndipo jina la Bahrain likaanza kusikika kwenye redio ya Mama. Tangu hapo hakuna taarifa ya habari iliyompita bila kunitafuta. "Uko wapi?" Nipo, Mama. "Uko wapi, nimekuuliza." Nipo kazini. Zaidi ya hapo nilikuwa sina ruhusa ya kusema, na yeye alidhani namficha kwa sababu nimezoea kuficha.

Kazi yangu ni stoo, na nataka mlijue hilo, kwa sababu mtaani nimesikia nimeshapigana mpaka nimepata medali. Sikupigana. Mimi ni mtu wa kuhesabu, kupanga na kupakia. Meli iliyoko baharini inaharibikiwa na pampu, inaagiza, pampu inakuja kwa ndege, inapita kwetu, tunaisajili na kuitafutia njia ya kuifikia meli. Vipuri, mafuta ya mashine, sabuni, dawa, barua. Vita vile nilivisoma kwa oda. Nikiona meli moja inaagiza kitu kilekile mara tatu kwa wiki najua huko hawalali.

Barua ndizo zilizokuwa mzigo mzito. Kulikuwa na meli ambazo hazikuingia bandarini wiki hadi wiki. Ile ya kubeba ndege, Eisenhower, ilitoka Norfolk Oktoba 2023 na haikurudi hadi Julai 2024, miezi tisa, na muda wake wa kurudi ulisogezwa mbele zaidi ya mara moja. Vifurushi vya watu walioko melini vikawa vinalala kwenye rafu zetu. Kimoja boksi lake lilikuwa limechanika pembeni, na kabla sijalifunga upya kwa gundi nikaona karatasi ya mtoto: nyumba yenye dirisha moja, jua, na meli ya bluu iliyozidi nyumba kwa ukubwa. Juu ya meli mtu mmoja, mikono imenyooshwa kama msalaba. Nilibandika gundi mara tatu, nikaandika kwa kalamu nzito pande zote mbili kwamba kisikunjwe. Sijui kama kilifika kabla ya sikukuu. Nadhani hakikufika.

Hatari ilikuwepo, sitaki kuidharau. Januari 2024 wanajeshi watatu wa Marekani waliuawa kambini Jordan kwa droni iliyowakuta kwenye malazi yao alfajiri, na tangu siku ile vipaza sauti vya kambini vikitangaza zoezi la kujificha, hakuna aliyekuwa akitembea taratibu. Machi mwaka huohuo kombora liliipiga meli ya mizigo, True Confidence, katika Ghuba ya Aden. Walikufa mabaharia watatu, Wafilipino wawili na Mvietinamu mmoja. Hao hawakuwa askari. Walikuwa watu wa kutuma hela nyumbani, kama vijana wetu wa Raskazone wanaopanda meli za watu. Usiku ule bwaloni hapakuwa na mtu aliyewasha televisheni. Mimi niliwaza juu ya simu tatu, mbili Ufilipino na moja Vietnam, zinazoita huku mama mtu akidhani ni habari ya mshahara.

Sasa nije kwenye simu, maana ndiyo kesi yenyewe.

Kuna sehemu za kazi kambini ambazo simu haingii. Unaifungia kwenye kikabati nje ya mlango na unaingia mikono mitupu. Zamu yangu wakati ule ilikuwa ya saa kumi na mbili, na watu walipopungua ilikuwa inasogea. Zaidi ya hapo, kwenye meli kuna wakati intaneti inafungwa kwa wote makusudi, ili ujumbe wa mtu mmoja usije ukafichua meli ilipo au mtu aliyeumia akajulikana kwao kabla ya ndugu kuarifiwa rasmi. Wenzangu wengi waliopita kwetu walikuwa wametoka kwenye ukimya huo, na mtu akishuka tu na kupata mtandao unamwona amekaa chini ukutani, simu mkononi, hasemi na mtu. Basi mnapoona tiki moja ya kijivu mkasema "amezima simu, anatukwepa", mjue simu iko kabatini, na mwenyewe yuko upande wa pili wa mlango wa chuma anahesabu pampu.

Siku ya Bibi ilikuwa Jumatano, Februari 2024, kaskazi imekolea. Niliingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Nilitoka saa kumi na moja na nusu jioni. Nikafungua kikabati, nikawasha simu, nikaanza kutembea kuelekea bwaloni kama kawaida, na simu ikaanza kutetemeka mfululizo, haiachi. Simu zisizopokelewa 31. Jumbe za sauti 23.

Sikujua nianzie wapi, nikaanzia juu. Wa kwanza ulikuwa wa dada, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi: "Kaka, Bibi hajaamka vizuri, presha imepanda, tunatafuta gari." Wa pili, gari limepatikana. Wa tatu haukuwa na maneno. Wa nne, Mama: "Mwanangu, Bibi yako ametangulia." Halafu zikafuata nyingi za kuniuliza niko wapi, naweza kuja, wasubiri au wasisubiri. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yako, Shangazi: "Mwambieni aseme neno moja tu, tumsubiri au tusimsubiri." Nilikuwa nausikiliza mjadala ulioisha zamani kana kwamba bado nina nafasi ya kujibu. Nikasimama katikati ya njia nikasema kwa sauti, "Msisubiri, Shangazi, mzikeni," na wewe ulikuwa umeshaamua saa nane kabla yangu. Ujumbe wa mwisho uliletwa na mpwa kutoka makaburini baada ya Alasiri. Nikasikia majembe, nikasikia udongo, kisha talakini ikianza kusomwa, na upepo ukiingia kwenye simu.

Mnajua Bibi aliniachia nini. Tangu nikiwa darasa la pili aliniambia mbele yenu wote: "Huyu ndiye atakayenipokea chini." Wanaume wa karibu ndio wanaoingia kaburini kuupokea mwili na kuulaza kwenye mwanandani, na nafasi ile ilikuwa yangu kwa kauli yake mwenyewe. Aliingia mtu mwingine. Nasikia alikuwa binamu, na alifanya vizuri, Mungu amlipe. Sijawahi kumwambia ahsante. Namwambia hapa.

Asubuhi yake nilikwenda kuomba likizo ya dharura, na hapa mpwa wangu akae vizuri asome polepole, kwa sababu hili hakuna atakayemwambia kabla hajaweka sahihi.

Jeshi lina maana yake ya neno familia. Familia yako ya karibu ni mke au mume, watoto, wazazi, na ndugu mliozaliwa pamoja. Bibi hayumo. Bibi anaingia tu ukithibitisha kwamba ndiye aliyekulea kwa nafasi ya wazazi. Na msiba wenyewe lazima uthibitishwe: kwa kawaida ndugu wa nyumbani anawasiliana na Msalaba Mwekundu wa Marekani, nao wanahakikisha habari kwa daktari au anayehusika na maziko, kisha wanapeleka ujumbe kwa mkuu wa kikosi. Utaratibu huo umetengenezwa kwa nchi ambako mtu akifa kuna hospitali, kuna kampuni ya mazishi, kuna karatasi siku ileile. Bibi alifia ndani ya gari kabla ya kufika hospitali, akaoshwa nyumbani, akazikwa kabla jua halijatua. Waliomjua ni imamu na mtendaji. Nilieleza yote hayo. Niliulizwa, "Una hati yoyote inayoonyesha alikulea?" Nina nini mimi? Nina kovu la goti alilolipaka masizi ya chungu. Nina Kiswahili chake. Hati sina.

Aliyekuwa juu yangu kazini alinisikiliza, akanipa pole, akasema hapana. Watu walikuwa pungufu, meli zilikuwa zinangoja, na msiba haukuwa kwenye orodha. Sikumchukia. Lakini nilirudi stoo nikapanga masanduku hadi saa sita usiku bila kuambiwa, kwa sababu kama ningelala ningeyawaza mambo ambayo askari hatakiwi kuyawaza.

Ijumaa iliyofuata, ambayo huko ni siku ya mapumziko, nilipata ruhusa ya kutoka. Nilitaka tu kutembea mahali ambapo hapana mtu mwenye sare. Nikavuka daraja kwenda Muharraq, mji wa zamani, vichochoro vyembamba, nyumba za chokaa na mawe ya bahari za wafanyabiashara wa lulu. Ziko zilizofunguliwa kwa wageni. Niliingia moja kukwepa jua, nikakaa kwenye baraza ya ndani, nikainua macho.

Darini kulikuwa na boriti. Boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, rangi ya kahawia iliyoelekea weusi, nyingine zimepinda kidogo kama mti wa mkoko ulivyopenda wenyewe. Urefu wake mmoja, na upana wa chumba umefuata urefu huo. Shangazi, ilikuwa dari ya Bibi. Ile ya chumba cha mbele Pangani, niliyolala chali chini yake miaka tisa nikihesabu boriti mpaka usingizi unanichukua. Bibi alikuwa akitusimulia majahazi ya Waarabu yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu, yakaondoka na kusi yamejaa boriti, na mimi nilikuwa nasikiliza kama hadithi za sungura. Kumbe kweli miti ya pwani yetu ndiyo iliyoezeka nyumba za Ghuba kwa mamia ya miaka, kwa sababu kwao miti ya kujengea haioti. Nilihesabu zile boriti. Nilipofika ya kumi na moja ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Mlinzi, mzee wa Kibahrain, aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akakaa mbali kidogo, hakuniuliza kitu.

Kuna mtu mwingine aliyenisitiri mwaka ule, naye simtaji jina. Ni dada wa Muheza aliyekuwa akifanya kazi saluni Manama. Tulijuana dukani, nilimsikia akipunguziwa bei ya nazi na kusema "haya bwana" kwa lafudhi ile ambayo huwezi kuikosea. Ramadhani ilipoanza Machi alinialika kufuturu kwa wenzake, wanawake wanne wa Kitanzania na Kikenya katika chumba kimoja. Mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Mmoja wao alikuwa hajamwona mtoto wake kwa miaka minne. Mshahara wao hata robo ya wangu haufiki, na wao ndio walionilisha. Jioni ile sikuwa baharia wala mgeni. Niliambiwa nikatoe takataka, nikaenda kutoa takataka.

Nilipata likizo ya kawaida Aprili, baada ya Idi. Arobaini ilikuwa imeshapita. Na hapa pana lingine ambalo sijawahi kuwaeleza.

Uraia wa Marekani niliupata nikiwa jeshini. Ni kweli walivyomwambia mpwa: askari mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, hangoji miaka mitano kama wengine, na ada ya maombi halipi. Lakini sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ulipoingia ule, wetu ukatoka. Kwa hiyo uwanja wa ndege Dar es Salaam nilipanga foleni ya wageni, nyuma ya watalii wa kupanda Kilimanjaro, nikalipa dola 100 za viza ili niingie nchi niliyozaliwa. Dada wa uhamiaji alinisalimu kwa Kiingereza. Nikamjibu, "Shikamoo dada," ingawa pengine nimemzidi umri, kwa sababu ndiyo neno lililonitoka. Akatazama pasi ilipoandikwa mahali pa kuzaliwa, akanitazama. "Madhumuni ya safari?" Nikasema nimekuja kuzuru kaburi. Akagonga muhuri, akasema, "Pole sana, kaka. Karibu nyumbani." Siku hizi kuna habari ya hadhi maalum kwa sisi wenye asili ya Tanzania, na ni afueni. Uraia siyo.

Kaburini ulinikuta, Shangazi, ukanipa mkono lakini hukunitazama. Sasa unajua nilichokuwa nacho kifuani. Sikukieleza siku ile kwa sababu niliona nikieleza itakuwa najitetea mbele ya kaburi lake.

Mpwa wangu, sikuambii usijiunge. Nikikuambia hivyo nitakuwa mnafiki, maana bati la nyumba ya Mama, ada ya dada yako chuoni na matibabu ya Bibi ya miaka mitatu ya mwisho yametoka kwenye mshahara huu. Mwaka 2024 askari wa cheo cha chini kabisa, akishapita miezi minne ya mwanzo, alikuwa anapata kidogo zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi kabla ya kodi, chumba na chakula juu ya jeshi. Ukizigeuza shilingi za mwaka ule ni milioni tano na ushei, na Tanga hiyo ni hela. Ukiishi Marekani nje ya kambi si hela ya kujengea ghorofa, na asikudanganye mtu. Unatibiwa bure. Ukimaliza vizuri kuna mpango wanaouita GI Bill unaoweza kukulipia chuo hadi miezi 36, na mimi nautaka huo kwa nguvu zangu zote. Nimefundishwa kazi, na kwenye stoo hakuna anayeniuliza baba yako nani.

Lakini mkataba ujue ulivyo. Ukisaini miaka minne au sita ya kazi, jumla ya wajibu wako kwa jeshi ni miaka minane, kazini na kwenye jeshi la akiba. Ukichoka huachi. Ukipelekwa huchagui. Unaposema "nitakuja Idi" unasema tu. Likizo unajiwekea siku mbili na nusu kila mwezi, siku 30 kwa mwaka, na kuzichukua lini ni mpaka ukubaliwe. Bahrain mwezi wa nane kuna siku wanapandisha bendera nyeusi, maana yake joto limezidi na mazoezi ya nje yanasimama, ila mizigo haisimami. Wenzangu watatu ndoa zao zilivunjika mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya.

Na jina la mama yako usiliache nje ya karatasi. Mzazi anaweza kuandikishwa kuwa tegemezi wako, akapata haki zake, ila sharti uthibitishe kwamba zaidi ya nusu ya matumizi yake yanatoka kwako. Anza leo kutunza risiti za kila shilingi unayotuma, hata elfu kumi ya umeme. Mimi nilikuwa nafuta jumbe za wakala kwa kujaza nafasi ya picha. Dada yako mfundishe namna ya kuwapata Msalaba Mwekundu, awe na jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na kikosi chako, aandike kwenye daftari, si kwenye simu. Aliyekulea zaidi ya wazazi wako, kama yupo, tafuteni hati mapema, mahakamani au kwa mtendaji, angali hai.

Kisha mkae kikao, ninyi na wazee, muulizane nani atashika nafasi yako. Siyo ya hela, hela itakuja. Nani atampokea mama yako chini ukiwa nyuma ya mlango wa chuma? Mtajeni mtu kwa jina, naye akubali mbele yenu. Bibi alinitaja mimi peke yangu na hakutaja wa pili, wala mimi sikumkumbusha, kwa sababu nilipoondoka nilidhani dunia imekuwa ndogo. Ukishampata huyo mtu, na moyo wako bado unataka, nenda. Nitakungoja Norfolk, chumba changu kina godoro la akiba.

Shangazi, nina lako moja la mwisho. Nimeomba siku ishirini za Desemba, na safari hii nimekubaliwa kwa maandishi. Kaka ameniambia mnataka kubomoa dari ya chumba cha mbele Pangani mmwage zege kwa sababu boriti mbili zimeliwa na mchwa. Ni ya nne na ya tisa kutoka mlangoni. Nazijua, zilikuwa zinatoa unga tangu nikiwa mtoto. Naomba msiguse. Kwa Bweni bado yupo fundi anayejua kuchomoa boriti moja bila kuangusha dari, nimeshaongea naye na malipo ya mwanzo yamefika. Wewe nitafutie tu ufunguo wa lile kabati la Bibi, na ukiniona nimefika usinipe mkono. Nipigie kelele kwanza, kama zamani, ndiyo uniambie nikae.